Raha na karaha ya mchezo wa mapangoni usiolipiwa

MTU mwenye simu ya Android ya bei ya chini katika kata ya Nyabiyonza, wilayani Karagwe mkoani Kagera, anaweza kushuka ngazi 25 za pango lenye mazimwi bila kulipa hata shilingi moja, na bila kutumia intaneti baada ya mchezo wenyewe kuingia kwenye simu. Anaweza pia kufa humo mara mia moja kabla ya kufika chini. Na kila anapokufa hupoteza kila alichokikusanya, akaanza tena mlangoni akiwa na silaha hafifu na chakula kidogo.

Mchezo huo unaitwa Pixel Dungeon. Uliandikwa na Oleg Dolya, mtengenezaji wa programu kutoka Urusi anayejulikana zaidi kwa jina la Watabou, ukatolewa mwaka 2012. Baadaye Dolya aliachia hadharani maandishi yote ya programu yake, kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuyasoma, kuyabadili na kuyasambaza. Mwaka 2014 Evan Debenham aliyachukua akatengeneza toleo lake, Shattered Pixel Dungeon, ambalo ndilo wengi wanalolicheza leo. Kwenye simu za Android toleo hilo ni la bure, halina matangazo ya biashara, na anayependa kumsaidia mtengenezaji huchangia kwa hiari.

Kwa msomaji wa mjini aliyezoea vibanda vya gemu vyenye televisheni kubwa na mechi za soka za kompyuta, mchezo huu unaweza kuonekana kama mzaha. Picha zake ni vidoto vidogo vya rangi. Shujaa ana ukubwa wa ukucha. Hakuna kinachokwenda mpaka mchezaji aguse kioo: akipiga hatua moja, mazimwi nayo yanapiga moja, akisimama kufikiri kwa saa nzima, nayo yanamsubiri. Huo ndio mwanzo wa raha yake, kwa kuwa simu dhaifu haielemewi, na anayeitwa shambani au dukani huweka simu mfukoni bila hasara. Mchezo huhifadhi hali yake mchezaji anapotoka, na akirudi jioni humkuta panya aliyemwacha akiwa bado amekodoa macho palepale.

Jamii hii ya michezo ina umri wa zaidi ya miaka 40. Jina lake linatokana na Rogue, mchezo ulioanzishwa karibu mwaka 1980 na wanafunzi wawili, Michael Toy na Glenn Wichman, katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, nchini Marekani. Kompyuta za vyuo wakati huo hazikuwa na picha, bali herufi tu juu ya kioo cheusi. Ken Arnold wa Berkeley alikuwa ametengeneza nyenzo ya programu iliyowezesha kuandika herufi mahali popote kwenye kioo, naye baadaye akashirikiana na Toy kuukuza mchezo huo. Hivyo shujaa akawa alama ya @, kuta zikawa mistari, na mazimwi yakawa herufi kubwa kuanzia A hadi Z. Kazi ya shujaa ilikuwa kushuka hadi ngazi ya 26, kuchukua Hirizi ya Yendor, na kupanda nayo hadi juu akiwa hai. Hirizi hiyohiyo, kwa jina hilohilo, ndiyo inayotafutwa katika Pixel Dungeon.

Mambo mawili yaliufanya mchezo ule uwe tofauti na iliyoutangulia. La kwanza ni kwamba pango halikuchorwa na mtu. Kompyuta yenyewe ilikigawa kioo katika sehemu tisa, tatu kwa tatu, ikaweka vyumba, ikaviunganisha kwa vichochoro, kisha ikatawanya hazina na maadui. Kila mchezo ulikuwa na ramani yake. Toy na Wichman walitaka mchezo ambao hata wao walioutengeneza ungeweza kuwashangaza, jambo lisilowezekana kwa mtu aliyeficha hazina kwa mkono wake mwenyewe. La pili ni kifo. Mchezo uliohifadhiwa ulifutwa pindi mchezaji alipoufungua tena, hivyo aliyefanya kosa hakuweza kurudi nyuma na kulisahihisha. Kufa kukawa ni kufa.

Mambo hayo mawili hutegemeana, na hapo ndipo wengi wasioujua mchezo huu hukosea wanapodhani kwamba kifo kimewekwa kwa ukatili tu. Kama ramani ingekuwa ileile kila siku, kuanza upya kungekuwa adhabu ya kukariri. Na kama kifo kisingekuwa na uzito, ramani mpya isingekuwa na maana, kwa kuwa mchezaji angeukimbilia kila mlango bila kujali kilicho nyuma yake. Vikikutana viwili hivyo, mlango uliofungwa unakuwa jambo la kufikiriwa. Vidole husita.

Namna kompyuta inavyolipanga pango inafaa kuelezwa, maana wengi husema tu kwamba ni bahati nasibu. Kompyuta haina kete ya kurusha. Huanza na namba moja, ambayo watengenezaji huiita mbegu, kisha huizungusha katika hesabu inayozaa namba nyingine, na nyingine tena, zisizo na mpangilio unaoonekana kwa macho. Namba hizo ndizo zinazoamua chumba kiwe wapi na zimwi gani limelala ndani yake. Mkulima wa Karagwe hatashangaa kusikia kwamba mbegu ileile huzaa zao lilelile: ukiipa kompyuta namba ileile, hutoa pango lilelile hadi jiwe la mwisho. Tangu mwaka 2022 Shattered Pixel Dungeon humruhusu mchezaji kuchagua mbegu, na pia huwapa wachezaji wote pango moja la siku. Watu wawili, mmoja Nyabiyonza na mwingine Dar es Salaam, wanaweza kushuka pango lilelile siku moja, kisha wakasimuliana nani aliliwa na nini.

Ndani ya pango raha ya kwanza ni kutojua. Shujaa huokota chupa za dawa zenye rangi mbalimbali na magombo yenye alama za ajabu, lakini hajui ipi ni ipi. Dawa ya buluu leo inaweza kuponya. Kesho, katika mchezo mpya, buluu hiyohiyo ikawa moto. Njia ya kujua ni kunywa, au kusoma, au kutupa chupa mbali na kuona kinachotokea. Wazoefu hunywa dawa wasiyoijua wakiwa na afya nzuri, karibu na maji au mlango, ili ikiwa ni moto wajizamishe na ikiwa ni hewa ya sumu watoke mbio. Mgeni hunywa pale anapokaribia kufa, akiomba iwe ya kuponya. Mara nyingi siyo.

Kuna njaa pia. Chakula kimepimwa, hivyo mchezaji hawezi kukaa ngazi ya juu akijiponya polepole hadi awe na nguvu za kutosha. Tumbo humsukuma chini. Wapo wanaolichukia jambo hili kuliko mazimwi yote, na malalamiko yao yanaeleweka, lakini bila njaa busara ya pekee ingekuwa kulala mlangoni, na mchezo ungekufa kwa uchovu.

Kila baada ya ngazi chache hutokea adui mkubwa. Wa kwanza, katika ngazi ya 5, ni bonge jeusi la ute liitwalo Goo, ambalo huvimba kabla ya kupiga pigo zito na hujiponya likisimama majini. Anayeona limevimba akarudi nyuma hupona. Anayeendelea kukata panga kwa hasira hujikuta kwenye ukurasa wa marehemu. Pigo hilo linatangazwa waziwazi, na bado huua wengi mno, kwa sababu mtu aliyekwisha kuwekeza nusu saa hupata haraka ya kumaliza. Ngazi ya 10 ina Tengu, muuaji anayehamahama kufumba na kufumbua, na kati yao kuna magereza yenye wezi wanaokwapua kitu kimoja kutoka kwenye mkoba na kutoweka nacho. Aliyewahi kuporwa simu katika kituo cha daladala atajua ladha yake.

Karaha zake ni za kweli, wala haifai kuzifunika. Kubwa ni kwamba mchezo unadai maarifa ambao wenyewe hauyafundishi mapema. Mgeni hajui kwamba vazi la chuma aliloliokota linaweza kuwa na laana, na kwamba akilivaa huenda lisivuliwe. Hajui kwamba kusimama mlangoni hupunguza idadi ya maadui wanaoweza kumfikia kwa pamoja, wala kwamba katika toleo la Debenham adui asiyemwona mshambuliaji hupigwa bila kukosewa. Hayo hujifunza kwa kufa. Kosa jingine ni la kidole: kioo kidogo, mguso mmoja pembeni, na shujaa anatembea kuelekea zimwi badala ya kulikimbia. Kifo cha namna hiyo hakina fundisho lolote.

Halafu kuna lugha. Karibu kila kifaa ndani ya mchezo kina maelezo marefu, na maelezo hayo ndiyo silaha ya kwanza ya mchezaji makini, kwa kuwa humweleza nguvu inayohitajika kubeba shoka au hatari ya kitu asichokijua. Asiyekisoma Kiingereza vizuri hucheza mchezo mgumu zaidi kuliko ule uliokusudiwa. Tafsiri za Shattered Pixel Dungeon hufanywa na wachezaji wenyewe kwa kujitolea, na kazi hiyo haihitaji kompyuta kubwa wala digrii ya uhandisi, ila subira na lugha nzuri. Neno zimwi peke yake limebeba hofu ambayo tafsiri nyingi za Ulaya zingeitamani.

Suala la bahati ndilo linalozua ubishi mkubwa. Wapo wanaosema mchezo unaoweza kumnyima mtu dawa hadi afe hauna tofauti na kamari. Ukweli ni kwamba katika Pixel Dungeon bahati imefungwa kamba. Magombo ya kuimarisha silaha na dawa za kuongeza nguvu, vitu viwili ambavyo bila hivyo hakuna anayefika mbali, hutolewa kwa hesabu iliyopangwa kadiri mtu anavyoshuka. Bahati huamua vitakuwa chumba gani, si kama vitakuwapo. Kukiwa na chumba cha hazina kilichojaa maji na samaki wala nyama, dawa ya kumfanya shujaa asionekane huwekwa mahali fulani katika ngazi hiyohiyo. Njia iliyozibwa kwa mbao huwa na dawa ya moto karibu. Mchezaji asiyejua hili huona maajabu, na anayejua huanza kutafuta.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwa NetHack, ndugu mkubwa wa mchezo huu, uliotolewa mwaka 1987 kutokana na mchezo wa Hack ulioandikwa awali na Jay Fenlason, wakati huo mwanafunzi wa sekondari nchini Marekani, pamoja na wenzake. NetHack una sifa ya ugumu usio na huruma, na wapo waliouchezea kwa miaka bila kuumaliza hata mara moja. Lakini kwenye kompyuta za pamoja ambako matokeo huandikwa hadharani, wapo wachezaji walioushinda zaidi ya mara 20 mfululizo. Hakuna mtu aliyewahi kushinda mashine ya kamari mara 20 mfululizo kwa ujuzi, kwa kuwa ndani yake hakuna ujuzi wa kujifunza. Mwaka 2021 yalifanyika mashindano ya programu za akili mnemba zilizotakiwa kuucheza NetHack. Programu zilizoandikiwa kanuni na binadamu ziliwashinda wenzao waliojifunza wenyewe, na hakuna hata moja iliyoumaliza mchezo.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Mashine za kamari za sarafu, ambazo vijana huziita dubwi, zimeenea nchini, na ingawa sheria ya mwaka 2003 iliyoanzisha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inakataza walio chini ya miaka 18, sarafu haiulizi umri. Mashine hiyo nayo huzungusha namba kama pango linavyozungusha. Kinachotofautiana ni nani anayelipa na nini kinachobaki. Anayekufa pangoni hupoteza nusu saa, na hubaki na habari kwamba bonge likivimba arudi nyuma. Anayepoteza kwenye dubwi habaki na habari yoyote, maana mzunguko unaofuata hauhusiani na uliopita.

Mpaka kati ya vitu hivi viwili, hata hivyo, haujawa imara popote. Diablo, mchezo mashuhuri wa Marekani uliotoka mwishoni mwa 1996, ulizaliwa katika ukoo huuhuu wa mapango. David Brevik aliyeuasisi alivutiwa na michezo ya herufi kama Moria na Angband. Robo karne baadaye, mwaka 2022, ulitolewa mjukuu wake wa simu, Diablo Immortal, nao pia huitwa wa bure. Ndani yake kuna nembo zinazonunuliwa kwa fedha halisi ili kuongeza nafasi ya kupata vito adimu, na mchezo huo haukupelekwa Ubelgiji wala Uholanzi kwa sababu ya sheria za nchi hizo dhidi ya masanduku ya bahati. Neno bure, basi, lina maana mbili. Kuna bure ya Debenham, ambapo mtu hana cha kununua kitakachomwokoa na zimwi, na kuna bure ya duka lililofungua mlango na kuficha bei.

Luca Galante, Mwitaliano anayeishi Uingereza, alifanya kazi katika sekta ya michezo ya kamari kabla ya kutengeneza Vampire Survivors, uliotolewa mwishoni mwa 2021 kwa bei isiyofika dola 3. Masanduku yake ya hazina hufunguka kwa taa na muziki wa kasino, lakini hakuna fedha inayodaiwa ili yafunguke. Mwaka 2023 mchezo huo ulipata tuzo ya BAFTA ya mchezo bora. Naye mtengenezaji wa Balatro, mchezo wa karata uliotoka mwaka 2024, alijikuta amepewa na bodi ya Ulaya ya kupanga umri alama ya watu wazima wa miaka 18, eti kwa sababu unaonyesha karata za poka, ingawa hauna kamari. Rufaa ikakatwa, na mwanzoni mwa 2025 alama hiyo ikashushwa hadi miaka 12.

Dola 3 au 5 zinasikika ndogo mjini. Kwa shilingi, mchezo wa dola 5 ni zaidi ya 10,000, na ununuzi wenyewe kwa kawaida hudai kadi ya benki inayokubalika nje. Kwa hiyo katika kata ya wakulima wa kahawa na ndizi kama Nyabiyonza, mchezo wa bei ndogo wa Ulaya si wa bei ndogo. Ndiyo sababu mchezo wa bure kwa maana ya kwanza, usiokula kifurushi wala kuhitaji simu mpya, una uzito kule kuliko katika miji ambayo watu wanao uwezo wa kuchagua. Gharama yake inayobaki ni ya chaji. Kioo kinachowaka saa tatu hudai kuchajiwa, na kibanda cha kuchaji hudai malipo.

Bara la Afrika nalo limekwisha kutoa mfano wake. QCF Design, kampuni ndogo ya Cape Town, Afrika Kusini, ilianza mwaka 2010 kusambaza bure toleo la awali la Desktop Dungeons, lililowekwa pango zima kwenye kioo kimoja na kuweza kumalizwa kwa muda wa kunywa kahawa. Mwaka 2011 lilitwaa tuzo ya ubunifu katika tamasha la IGF huko San Francisco, na toleo kamili la kuuzwa likatoka 2013. Ujanja wake ulikuwa mmoja: shujaa hupona kwa kufunua giza. Kila kipande cha pango ambacho hakijatazamwa ni akiba ya uhai, na anayekagua kila kona kwa pupa hufika mbele ya zimwi kuu akiwa hana giza la kumponya. Wachezaji wa bao, waliozoea kuhesabu kete kabla ya kuzigusa, wangeuelewa haraka kuliko vijana wa gemu za mbio za magari, ingawa katika bao kila kete iko wazi na hakuna kilichofichwa zaidi ya mawazo ya mpinzani.

Kwa anayetaka kujaribu Shattered Pixel Dungeon kwa mara ya kwanza, wazoefu humshauri aanze na shujaa wa vita, yule mwenye ngao, kwa kuwa huvumilia makosa zaidi. Asiharakishe kutumia magombo ya kuimarisha kwenye silaha ya kwanza anayoiona. Apiganie mlangoni, asikanyage ovyo panapoonekana tofauti na sakafu nyingine, na akiona bonge jeusi limeanza kuvimba katika ngazi ya 5, arudi nyuma hatua mbili hata kama limebakiza pigo moja tu.